Safu ya Walioondoka

Kuna njia mbili za kuweka daftari lililo sahihi. Ya kwanza ni kulitupa lile la zamani na kuandika jipya, tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Ya pili ni kuliacha la zamani lilivyo na kuongeza yale tu yaliyotokea tangu ulipoweka kalamu chini. Kila aliyepata kuwa mhasibu, karani wa mahakama, mweka hazina wa chama cha ushirika au mwalimu mkuu amezipitia njia zote mbili, na ndugu msomaji akiwa mmoja wao atakubaliana nami kwamba ya kwanza huchosha na ya pili huponza. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na njia ya pili wataalamu wameipa jina ambalo kwa Kiswahili naliita kuhuisha data kwa nyongeza. Katika makala haya nataka kueleza jambo hilo lilikotoka, linavyofanya kazi, na mahali linapokwama. Mahali hapo linapokwama nilipafahamu kabla sijaiona kompyuta kwa macho.

Mimi si mtaalamu wa mitambo. Nilisomea ualimu katika chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikafundisha katika shule za msingi za vijijini, na nusu ya pili ya utumishi wangu nilikuwa mwalimu mkuu. Chuoni tulikuwa na somo la uendeshaji wa shule ambalo wanachuo wengi walilisinzia, maana lilihusu madaftari: la uandikishaji, la mahudhurio, la mali ya shule, la wageni, la matukio. Mkufunzi wetu alikuwa mtu wa maneno machache, lakini jambo moja alilirudia hadi likatukaa. Alisema daftari la mahudhurio huandikwa upya kila mwaka, bali daftari la uandikishaji haliandikwi upya kamwe. Mtoto akija hupewa namba, na namba hiyo hapewi mtoto mwingine hata shule ikifikisha miaka mia moja. Akiondoka hafutwi. Unakwenda kwenye mstari wake, upande wa kulia kabisa, unaandika tarehe aliyoondoka na sababu: amehama, ameacha, amehitimu, amefariki. Raba na wembe vilipigwa marufuku. Aliyekosea alipiga mstari mmoja kwa wino mwekundu, maneno ya chini yakiwa bado yanasomeka, kisha akatia sahihi.

Sheria hiyo ni kongwe kuliko shule zetu. Mwaka 1494 mtawa mmoja wa Kiitalia, Luca Pacioli, alichapisha huko Venice kitabu kikubwa cha hisabati, na ndani yake akaweka sehemu inayoeleza namna wafanyabiashara wa mji huo walivyotunza hesabu zao. Utaratibu wenyewe hakuubuni yeye, aliukuta ukitumika. Kulikuwa na vitabu vitatu. Cha kwanza kiliandikwa papo hapo, kila kitu kama kilivyotokea. Cha pili kiliyapanga mambo hayo kwa lugha ya wahasibu. Cha tatu, yaani kitabu kikuu, kilimwonyesha mwenye mali anamdai nani na anadaiwa na nani. Mfanyabiashara hakukiandika upya kitabu kikuu kila alipotaka kujua hali yake. Alichukua yale mapya tu kutoka kitabu cha pili, akayahamishia, kisha akayapiga mstari kule yalikotoka ili asije akayahamisha mara mbili. Na ikiwa aliandika kosa katika kitabu kikuu, hakulifuta. Aliandika kinyume chake upande wa pili, kosa na sahihisho vikakaa pamoja.

Naomba msomaji ayashike mambo hayo mawili, ule mstari wa kuonyesha umefika wapi na ule mwiko wa kufuta, kwa sababu huku mbele tutaona kwamba kompyuta imelirithi la kwanza na kulisahau la pili.

Njia ya kuandika yote upya nayo ina heshima yake, na mfano ulio wazi ni sensa. Agosti 1978 nilikuwa mmoja wa walimu waliofanya kazi ya ukarani wa sensa. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiuliza nani alilala humo, kana kwamba hapakuwa na sensa ya 1967 wala jina lolote lililopata kuandikwa. Ndiyo maana sensa huaminika. Haimwulizi mtu yeyote nini kimebadilika, inatazama kilichopo. Lakini gharama yake ni kubwa mno, na kwa hiyo nchi yetu huifanya kila baada ya miaka kumi au zaidi kidogo: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022.

Gharama hiyo ndiyo iliyozaa mashine za data. Huko Marekani sensa ya mwaka 1880 ilihesabu watu milioni 50, na kuzijumlisha karatasi zake kwa mkono kulichukua sehemu kubwa ya miaka kumi iliyofuata. Kijana mmoja aliyefanya kazi katika sensa hiyo, Herman Hollerith, alibuni kadi moja kwa kila mtu, yenye matundu yanayoonyesha umri, jinsia, kazi na kadhalika. Sindano za mashine zilishuka juu ya kadi, na palipo na tundu zikapita hadi kwenye vikombe vya zebaki, umeme ukawaka na mshale wa hesabu ukasogea hatua moja. Sensa ya 1890, iliyokuta watu milioni 62 na ushee, ilihesabiwa kwa mashine hizo. (Kwa bahati tu, idadi hiyo inakaribiana na ya kwetu katika sensa ya 2022, watu milioni 61.7, iliyofanywa Agosti kwa vishikwambi na kutangazwa mwishoni mwa Oktoba mwaka ule ule.) Kampuni ya Hollerith iliungana na nyingine mwaka 1911, na muungano huo mwaka 1924 ukaitwa IBM.

Baada ya kadi ukaja utepe wa sumaku, na hapa historia inakuwa tamu kwa mtu wa madaftari. Utepe una tabia moja: huwezi kuchomeka neno katikati yake. Kampuni yenye orodha ya wateja ndani ya utepe haikuweza kumwongeza mteja mmoja pale alipostahili kukaa. Basi waliandika mabadiliko yote ya wiki katika utepe mwingine, wakayapanga kwa mfuatano uleule wa namba za wateja, kisha kompyuta ikasoma tepe zote mbili sambamba na kuandika wa tatu ulio mpya. Utepe mpya uliitwa mwana, ule uliotangulia baba, na uliotangulia zaidi babu. Vizazi vitatu vilihifadhiwa ili mwana akiharibika aweze kuzaliwa tena kutoka kwa baba. Sijui kama waliochagua majina hayo walikuwa wazee, lakini yamenifurahisha.

Jambo la maana ni lile lililoandikwa ndani ya utepe wa mabadiliko. Kila mstari ulikuwa na alama ya kueleza aina yake: huyu ongeza, huyu badilisha, huyu ondoa. Kuondoka kulikuwa tukio, kukaandikwa kama tukio, kama kule kwenye safu ya kulia ya daftari la uandikishaji. Haikuwezekana mtu apotee kimya kimya, kwa sababu ili apotee ilibidi kwanza aandikwe.

Mwaka 1956 IBM walitoa mashine iliyokuwa na sahani 50 za sumaku zilizopangwa moja juu ya nyingine, yenye uwezo wa kubeba herufi milioni tano. Sahani hazina tabia ya utepe. Mkono wa mashine unakwenda moja kwa moja mahali unapopataka, unasoma, unaandika juu ya maandishi ya zamani, au unafuta. Kazi iliyochukua usiku mzima ikawa ya nukta chache. Kisha mwaka 1970 Edgar Codd, mtaalamu wa kampuni hiyo hiyo, akaeleza namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, na kutoka hapo ikazaliwa lugha inayotumika hadi leo katika hifadhidata nyingi. Lugha hiyo ina amri ya kufuta, ya neno moja tu. Ukiitoa, mstari unatoweka kwenye jedwali na pengo lake halionekani. Raba na wembe vikarudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii kwa kasi ya umeme.

Sasa nije kwenye programu zenyewe. Mwaka 1958 Hans Peter Luhn, naye wa IBM, aliandika makala kuhusu mfumo wa kuwafikishia watu wa kazini habari wanazohitaji, na jina alilolitumia, ambalo naweza kulitafsiri maarifa ya biashara, lilienea tangu mwaka 1989 likiwa na maana ya programu za kuchambua takwimu za kampuni na kuzionyesha kwa michoro na majedwali. Programu hizi aghalabu hazifanyi kazi juu ya data halisi. Mashine ya mauzo ina shughuli yake ya kutoa risiti, na meneja akiiuliza swali linalotaka isome mauzo yote ya miaka mitano, foleni ya wateja itasimama. Kwa hiyo data hunakiliwa na kupelekwa pembeni, katika kile ambacho Bill Inmon katika kitabu chake cha mwaka 1992 alikieleza kuwa ni ghala la data, na meneja huuliza maswali yake huko. Tatizo ni kwamba nakala huzeeka tangu dakika ile inapokamilika. Lazima ihuishwe. Na hapo swali la njia mbili linarudi.

Aliyenifungua macho ni mjukuu wangu wa kike, ambaye ni mchambuzi wa takwimu katika kampuni moja ya kusambaza soda na maji kanda ya Ziwa. Alikuja likizo na kompyuta yake, nami nikamwomba anieleze anachokifanya kutwa nzima.

“Babu,” aliniambia, “zamani kila usiku tulikuwa tunabeba mauzo yote tangu kampuni ianze. Asubuhi wakubwa wanafika, ripoti bado inapakia. Nikajiuliza, mauzo ya mwaka 2019 si yamekwisha? Kwa nini niyabebe tena kila siku?”

Wanatumia programu ya Power BI ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa kwa umma Julai 2015. Uwezo wa kuhuisha kwa nyongeza uliingizwa mwaka 2018 kwa wateja wa daraja la juu, na mwaka 2020 ukafikishwa kwa wa kawaida. Nitaueleza kama nilivyouelewa. Kwanza anaweka mipaka miwili ya wakati, mwanzo na mwisho. Anaiambia programu ichukue mauzo ambayo tarehe yake ni sawa na mwanzo au baada yake, lakini ni kabla ya mwisho. Angesema “sawa na” pande zote mbili, soda iliyouzwa saa sita kamili usiku ingehesabiwa katika siku mbili, kama mwalimu anayehesabu watoto mstarini akianza fungu jipya na mtoto yuleyule aliyeishia.

Kisha anaeleza ni muda gani wa kutunza na ni muda gani wa kuhuisha. Kwake ilikuwa kutunza miaka mitano na kuhuisha siku kumi za mwisho. Mara ya kwanza programu hubeba vyote, hakuna ujanja. Ikishabeba huligawa jedwali katika mafungu: miaka ya nyuma kila mmoja fungu lake, ya karibu zaidi kwa robo mwaka, kwa mwezi, na siku za mwisho kila moja peke yake. Tangu hapo kila usiku mafungu ya siku kumi zile humwagwa na kujazwa upya, na mengine yote hayaguswi. Siku zikipita huunganishwa kuwa mwezi, miezi kuwa robo, robo kuwa mwaka, na mwaka uliovuka mitano hutupwa. Mtu aliyewahi kufunga mafaili ya ofisi katika mafurushi ya mwaka hana la ajabu hapo.

Kuna sharti moja ambalo alilisisitiza. Programu lazima iweze kulipeleka swali lake hadi kwenye chanzo, yaani kuiambia hifadhidata ya mauzo “nipe za siku hizi tu”. Kama chanzo hakiwezi kujibu hivyo, programu itabeba risiti zote hadi nyumbani na kuzichambua huko, na faida yote itakuwa imepotea njiani.

Programu nyingine zina njia nyepesi zaidi. Tableau, kwa mfano, ikiagizwa kuhuisha kwa nyongeza hutazama safu moja, ya tarehe au ya namba inayopanda, ikaangalia nakala imefikia wapi, na kuongeza mistari yote iliyo juu ya hapo. Wataalamu huita kikomo hicho alama ya maji, kama ile michirizi inayobaki kwenye nguzo za gati maji yakishakupwa, ikionyesha bahari ilifika wapi. Ni mstari wa Pacioli, ila umebadilishiwa nguo.

Tarehe ipi ya kutazama ni jambo linalotaka akili. Mjukuu wangu alinipa mfano wa muuzaji anayezunguka visiwa vya Ukerewe na kuleta risiti zake baada ya wiki mbili. Risiti zina tarehe ya mauzo, ya wiki mbili nyuma, na dirisha ni la siku kumi. Hazitaonekana kamwe. Ilibidi dirisha lipanuliwe. Power BI ina nafasi ya kutaja safu nyingine, ya tarehe ya kubadilishwa kwa mstari, ili programu iangalie ndani ya dirisha ni fungu lipi limeguswa na kuliacha ambalo halikuguswa. Hiyo hupunguza kazi, lakini hailifikii la nje ya dirisha.

Nilimwuliza, “Na zinazofutwa je?”

“Hapo ndipo tulipoumia, Babu.”

Akanieleza kwamba ankara za mkopo zilizobatilishwa zilikuwa zinafutwa kabisa katika mfumo wa mauzo. Ikifutwa ya jana, hakuna neno: fungu la jana humwagwa na kujazwa upya, na ankara haimo. Ikifutwa ya miezi mitatu nyuma, chanzo hakina habari yake na nakala inaendelea kuwa nayo. Programu kila usiku huuliza kuna nini kipya, na kutokuwepo si kitu kipya. Wakusanya madeni wa kampuni, wakiwa na ripoti mkononi, walikwenda kumdai mama mmoja mwenye duka deni ambalo karani wa kampuni hiyo hiyo alikuwa amelibatilisha. Mama alikuwa na karatasi yake ya ubatilisho. Mwenye duka asiyetunza karatasi angefanya nini?

Nilipomsikiliza nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, msichana wa darasa la saba, katikati ya miaka ya 1990. Orodha ya watahiniwa wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ilipelekwa mapema mwaka ule, naye akiwemo. Mwezi wa tano malaria ilimpanda kichwani, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Niliandika katika daftari la uandikishaji, safu ya kulia, tarehe na neno “amefariki”. Siku ile ile niliandika barua kwa ofisi iliyokuwa inatunza orodha. Sikujibiwa. Nilipokwenda mwenyewe, karani alinionyesha fomu alizonazo. Kulikuwa na fomu ya kuongeza watahiniwa waliosahaulika na fomu ya kusahihisha majina yaliyokosewa. Ya kuondoa haikuwepo. Alinieleza bila ubaya wowote kwamba asiyekuja ataandikwa hayupo, basi.

Siku ya mtihani msimamizi, mwalimu kutoka shule nyingine ambaye hakujua lolote, aliita majina kwa mfuatano wa namba. Alipofika kwake aliita mara tatu, kama kanuni inavyotaka. Darasani alikuwemo pacha wake, wa kiume. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha kwa sababu mwalimu mkuu haruhusiwi kuingia, na nilimwona kijana yule akiinua mkono kutaka kusema, akaushusha. Alifanya mtihani wake hadi mwisho. Matokeo yalipokuja, jina la dada yake lilikuwemo, mbele yake pameandikwa kwamba hakuhudhuria. Mama yao aliyasoma ukutani pa ofisi yangu pamoja na wazazi wengine.

Hakuna mtu mbaya katika habari hiyo. Karani alifuata fomu, msimamizi alifuata orodha. Orodha ilikuwa imetengenezwa na mtu aliyefikiri kwamba mabadiliko maana yake ni watu kuja.

Na tusidhani ni jambo la shule za vijijini peke yake. Orodha ya mishahara ya nchi yoyote ni daftari la nyongeza: ya mwezi huu ni ya mwezi uliopita pamoja na mabadiliko. Aliyeajiriwa hufuatilia mwenyewe jina lake liingie, kwa sababu ana njaa. Aliyefariki au kuacha kazi hana wa kumfuatilia, na pengine wako wanaopenda abaki. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipoanza kuwasaka watumishi hewa, haikuwa na njia ila ile ya sensa, yaani uhakiki wa kumtaka kila mtumishi aonekane yeye mwenyewe na nyaraka zake. Waliondolewa zaidi ya 19,000. Daftari la kudumu la wapiga kura nalo lina mtihani huo huo. Kabla yake wananchi walijiandikisha upya kwa kila uchaguzi; daftari la kudumu lilianzishwa mwaka 2004, na mwaka 2015 watu wakaandikishwa tena kwa mashine zinazochukua alama za vidole. Maboresho yaliyofuata yalikuwa ya nyongeza: waliotimiza miaka 18, waliohama, waliopoteza kadi, na waliofariki. Makundi matatu ya kwanza huja kituoni kwa miguu yao. La nne huletwa na ndugu, kama ndugu watakuja.

Kwa kompyuta dawa zipo, na nyingi ni za kale. Iliyo rahisi ni kuacha kufuta. Badala ya kuuondoa mstari, chanzo huongeza safu inayosema umebatilishwa, na tarehe ya kubatilishwa. Hapo kuondoka kunakuwa tukio lenye tarehe, na programu inayotafuta mapya italiona kama inavyoona mengine, mradi iambiwe kuitazama tarehe hiyo. Dawa ya pili inanifurahisha zaidi. Hifadhidata kubwa, kwa usalama wake yenyewe, huandika pembeni kila inachokifanya kwa mfuatano wa saa, pamoja na kila kilichofutwa, ili ikizimika ghafla iweze kujijenga upya. Yaani kitabu cha kwanza cha wafanyabiashara wa Venice hakikufa. Kimejificha ndani ya mashine. Ziko programu zinazokisoma kitabu hicho na kupeleka mabadiliko yote kwenye ghala. Tangu mwaka 2008 hifadhidata ya Microsoft, SQL Server, ina uwezo wa namna hiyo ndani yake. Dawa ya tatu ni kubeba vyote upya mara moja moja, usiku ambao hakuna anayeingoja ripoti, na kulinganisha jumla ya nakala na ya chanzo.

Mjukuu wangu alitaka ya kwanza. Waliotengeneza mfumo wa mauzo walimwambia kuongeza safu moja ni kazi ya miezi na ina gharama zake. Basi kwa sasa anatumia ya tatu: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, usiku, hubeba miaka yote mitano, na Jumatatu alfajiri hulinganisha hesabu kabla wakusanya madeni hawajatoka. Mwezi aliokuja kwangu alikuwa amekuta tofauti ya ankara 14. Safu yake bado anaiomba.

Kabla hajarudi Mwanza aliniuliza daftari lile la uandikishaji liko wapi. Nilimwambia nililikabidhi kwa maandishi siku niliyostaafu, likiwa na majina yote, na kwamba mara ya mwisho nilipopita shuleni niliambiwa uandikishaji siku hizi huingizwa kwenye kompyuta. Akataka kujua kama humo kuna safu ya walioondoka. Nimemwandikia barua mwalimu mkuu aliyepo kumwuliza.